Kabla ya kununua leti ya kompyuta, ulizia kwanza mfasiri wake

DEREVA wa lori anayebeba mzigo kutoka Dar es Salaam kwenda Kigali huendesha upande wa kushoto kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Akishavuka Mto Kagera pale Rusumo, wilayani Ngara, hana budi kuhamia kulia, kwa kuwa sheria ya Rwanda ndiyo hiyo. Lori ni lile lile, usukani ni ule ule na alama za barabarani zinafanana. Lakini asiyebadili upande hafiki mbali.

Nimeanza na Rusumo kwa sababu jambo ninalotaka kulieleza leo linafanana sana na lori hilo. Ni suala la mashine za kisasa za kukereza chuma, zile zinazoendeshwa kwa kompyuta, ambazo baadhi ya vikundi na wafanyabiashara wa kanda hii wameanza kuzitamani. Wengi huuliza bei ya mashine. Wachache huuliza habari za kitu kidogo kisichoonekana kwa macho, ambacho kikikosewa mashine hiyo hugongana na chuma chake yenyewe, kama lori lililosahau kuhama upande.

Kitu hicho mafundi wanakiita postiprosesa. Mimi nitakiita mfasiri, kwa sababu kazi yake ni kufasiri.

Kwa nini jambo hili linamhusu mkulima

Mkulima wa Rulenge au Nyakahura anaweza kujiuliza leti inamhusu nini. Inamhusu pale mashine ya kusaga inaposimama. Shafti ikilika mahali beringi inapokaa, wateja wanabeba mahindi na mihogo yao kwenda kijiji cha pili. Mashine ya kumenya kahawa ikivunjika msimu wa mavuno, kahawa mbivu haisubiri fundi. Huko Biharamulo, wachimbaji wadogo wa dhahabu wanajua hasara ya karasha lililolala kwa sababu ya bushi moja.

Kwa miaka mingi dawa ya matatizo hayo imekuwa ni kufunga safari ya Kahama au Mwanza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari ya Mwanza imepungua usumbufu kwa kuwa hakuna tena kusubiri kivuko. Hata hivyo nauli, malazi na siku zilizopotea bado zinatoka mfukoni mwa mwenye mashine, na mwisho wa yote huongezwa kwenye bei ya kusaga debe moja.

Kwa upande mwingine, wateja wa kazi za chuma wanaongezeka. Mradi wa umeme wa maporomoko ya Rusumo, wenye megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, umeleta njia kubwa ya umeme hadi Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Kabanga kuna mradi wa nikeli, ambao Serikali ilitia saini makubaliano yake na wawekezaji Januari 2021. Biharamulo kuna mgodi wa dhahabu ulio chini ya shirika la umma STAMICO tangu 2013. Malori ya Burundi na Rwanda yanapita kila siku. Hivyo wazo la kuwa na karakana ya kisasa kati ya wilaya hizi mbili si ndoto. Linahitaji tu hesabu sahihi.

Mashine yenyewe inafanyaje kazi

Leti ya kawaida huzungusha chuma, na fundi husogeza kisu kwa mkono. Matokeo yake ni kitu cha mviringo kama shafti, bushi au puli. Kama shafti inahitaji mfereji wa kii, yaani kile kipande kinachoshikilia puli isizunguke peke yake, fundi huihamishia kwenye mashine nyingine ya kuchonga. Asipokuwa nayo hutumia grainda na tupa.

Leti ya kisasa inayokereza na kuchonga kwa pamoja humaliza kazi zote mbili bila kufungua chuma. Ikishakereza, husimamisha shafti na kuishika imara katika pembe inayotakiwa, kisha kisu chenye mota yake kinachonga mfereji. Faida yake ni usahihi, kwa sababu kila mara chuma kinapofunguliwa na kufungwa upya, kuna uwezekano wa kwenda upande.

Usahihi huo si anasa. Tuchukue shafti ya milimita 40 mahali pa kukaa beringi. Kipimo kinachotumika sana kwa kazi ya namna hiyo kinataka shafti izidi milimita 40 kwa kati ya maikroni 2 na 18 tu. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa binadamu una unene wa maikroni 70 hivi. Shafti ikipungua kidogo tu, pete ya ndani ya beringi huanza kuteleza na kuila shafti, na baada ya wiki chache mwenye mashine anarudi pale pale. Mfereji wa kii wa shafti hiyo huwa na upana wa milimita 12 na kina cha milimita 5. Ukiwa mpana, puli hucheza mpaka inapasuka.

Mfasiri anaingia wapi

Fundi wa mashine hizi huchora shafti kwenye kompyuta. Baada ya hapo programu iitwayo CAM humsaidia kupanga kisu kipi kianze, kipite wapi na kwa kasi gani. Mpango huo unakuwa katika lugha ya jumla, isiyo ya mashine yoyote. Hapo ndipo mfasiri anapohitajika, ili augeuze mpango kuwa amri ambazo mashine yako, na si ya jirani, itazielewa.

Utaratibu huu ni wa zamani. Ulianza katika miaka ya 1950 huko Marekani, kwenye chuo cha MIT, ilipotengenezwa lugha iliyoitwa APT kwa ajili ya kuongoza mashine za kukata chuma. Tangu wakati huo ilionekana ni nafuu kuwa na mpango mmoja wa jumla na mfasiri mmoja kwa kila aina ya mashine, kuliko kuandika mpango upya kila mara.

Amri zenyewe huandikwa kwa herufi na namba. G0 ni kukimbia haraka bila kukata, G1 ni kukata kwa mstari ulionyooka, G2 na G3 ni kukata kwa tao. Mwaka 1982 Shirika la Viwango la Kimataifa, ISO, lilitoa kiwango namba 6983 kuhusu lugha hiyo. Lakini watengenezaji wa mashine waliongeza maneno yao. Ni kama Kihangaza na Kirundi. Mtu wa Kabanga na mtu wa Kobero husikilizana vizuri tu, ila kuna maneno ambayo ukiyatumia upande wa pili unaweza kuchekwa. Kwenye mashine hakuna kucheka. Kuna kuvunjika.

Neno moja, maana mbili

Mifano ya maneno hayo ni mingi, lakini minne inatosha kuonyesha hatari.

Kwanza ni amri G90. Kompyuta nyingi za leti zinazotengenezwa na kampuni ya Fanuc ya Japani zinaweza kuwekwa katika moja ya mifumo mitatu ya amri, A, B au C. Katika mfumo B na C, G90 maana yake ni kwamba vipimo vihesabiwe kuanzia sehemu moja ya mwanzo. Katika mfumo A, amri hiyo hiyo ni ya kuanza kukereza. Mashine mbili zinaweza kuwa na jina moja usoni na bado zikatofautiana hapo.

Pili ni nukta. Kwenye mashine nyingi za aina hiyo, ukiandika X50. yenye nukta, kisu kitakwenda kwenye kipenyo cha milimita 50. Ukiandika X50 bila nukta, mashine inaweza kuelewa maikroni 50, yaani karibu kabisa na katikati ya chuma. Kisu kilichotumwa huko kwa mwendo wa haraka hujikita ndani ya chuma kinachozunguka.

Tatu ni kipenyo na nusu kipenyo. Leti nyingi husoma kipimo cha X kama kipenyo. Mfasiri akituma nusu kipenyo, shafti ya milimita 40 inatoka ikiwa na milimita 20, na chuma ulichonunua kinakuwa chakavu. Kuna mtego zaidi pale mashine inapochonga kichwa cha pembe sita huku ikizungusha chuma polepole. Kwenye kazi hiyo mashine za Fanuc kwa kawaida huendelea kusoma X kama kipenyo, lakini kipimo cha upande wa pili hukisoma kama nusu kipenyo. Mfasiri asiyejua hilo hutoa pembe sita zilizopinda.

Nne ni kasi, na hapa suala ni uhai wa watu. Amri G96 huiambia mashine iongeze mizunguko kadiri kisu kinavyokaribia katikati, ili ukataji uwe wa kiwango kimoja. Kwa kasi ya ukataji ya mita 200 kwa dakika, chuma chenye kipenyo cha milimita 100 huzunguka mara 637 kwa dakika. Kisu kikifika kwenye kipenyo cha milimita 10, mizunguko inayotakiwa ni 6,366. Ndiyo maana kabla ya hapo lazima kuwe na amri ya kuweka kikomo. Katika mfumo A ni G50, katika mfumo B na C ni G92. Mfasiri akiandika isiyo yake, kikomo hakipo, na chuma kizito kinaweza kuchomoka kwenye taya na kumpiga mtu.

Hatua za kumwandaa

Habari njema ni kwamba si lazima kumtunga mfasiri kuanzia mwanzo. Kampuni za programu za CAM huwa na akiba ya wafasiri walio tayari kwa mashine nyingi. Kazi ni kumchukua aliye karibu zaidi na mashine yako na kumrekebisha. Programu ya Fusion ya kampuni ya Autodesk, kwa mfano, ina wafasiri walioandikwa kwa lugha ya kompyuta ya JavaScript, na wale wa programu ya bure ya FreeCAD wameandikwa kwa Python. Kijana aliyesoma kompyuta anaweza kuwafungua na kuwasoma. Aidha, ieleweke kwamba FreeCAD ina nguvu zaidi katika kuchonga kuliko kukereza, hivyo ubure wake usimdanganye mtu anayetaka leti.

Hatua ya kwanza ni kukusanya taarifa za mashine: aina ya kompyuta yake, mfumo wa amri uliowekwa, urefu wa mwendo wa kila mhimili, mizunguko ya juu kabisa, idadi ya visu na vipi kati yake vina mota. Amri za kuwasha mota hizo na za kushika shafti hutofautiana kwa kila mtengenezaji. Zimo kwenye kitabu cha maelekezo, kwa hiyo mashine iliyotumika isiyo na kitabu inunuliwe kwa tahadhari kubwa.

Hatua ya pili ni kuandika kwa mkono programu fupi ambayo fundi ana hakika inafanya kazi kwenye mashine hiyo, kisha kulinganisha na ile anayoitoa mfasiri, mstari kwa mstari. Tofauti zinazoonekana ndizo za kurekebisha. Ibadilishwe moja kwa wakati, na nakala ya zamani itunzwe.

Hatua ya tatu ni majaribio. Yaanzie kwenye skrini, halafu mashine iendeshwe hewani bila chuma. Baada ya hapo iendeshwe amri moja moja kwa mwendo uliopunguzwa, kidole kikiwa karibu na kitufe chekundu cha kusimamisha. Chuma cha kwanza kisiwe chuma. Kiwe nailoni au aluminiamu, kisha kipimwe. Kazi tatu zikitoka sawasawa, moja ya kukereza, moja yenye mfereji wa kii na moja ya pembe sita, hapo ndipo mtu aseme mfasiri ameiva.

Turubai niliyoiona

Miaka michache iliyopita niliitwa na kikundi kimoja cha wenye mashine za kusaga, nje ya wilaya hizi mbili, nikawasaidie kupanga upya mkopo wao. Nilidhani nitakuta tatizo la soko. Nilichokuta ni leti ya kompyuta iliyofunikwa turubai. Ilikuwa imefanya kazi siku moja tu.

Muuzaji alikuwa amewapa programu ya kompyuta pamoja na mfasiri wa jumla ambaye hakuandaliwa kwa mashine ile. Kwenye jaribio la kwanza kisu kiliingia katikati ya chuma na kuvunjika, na kishikio chake kikapinda. Vijana waliogopa kuigusa tena. Miezi minne ilikatika bila kazi huku riba ikiendelea. Baadhi ya wanachama walikuwa akina mama waliotoa michango yao kutokana na mauzo ya maharage, na walikuwa wameanza kuamini kwamba wametapeliwa.

Alipopatikana fundi anayejua, alikaa siku mbili. Tatizo lilikuwa nukta, ile ile niliyoitaja hapo juu. Alibadilisha mistari isiyozidi kumi kwenye faili la mfasiri. Gharama yake ilikuwa ndogo ukilinganisha na riba ya mwezi mmoja. Nikajiuliza kwa nini gharama hiyo haikuwamo kwenye andiko la mkopo tangu mwanzo, na jibu ni kwamba hakuna aliyejua kwamba kitu hicho kipo.

Hesabu za biashara

Sasa tuangalie kama mashine yenyewe inalipa. Hizi ni namba za mfano, kila mmoja anaweza kuweka zake. Tuseme shafti moja kwa leti ya kawaida na tupa inachukua saa mbili na nusu. Kwa leti ya kompyuta, kuchora, kupanga na kujaribu kunachukua saa nane, kisha kila shafti inatoka kwa nusu saa.

Kwa shafti moja, leti ya kawaida inashinda kwa mbali: saa mbili na nusu dhidi ya saa nane na nusu. Kwa shafti nne zinalingana, saa 10 kwa 10. Kwa shafti 20, leti ya kawaida inataka saa 50 na ya kompyuta saa 18 tu. Zaidi ya hapo mpango unahifadhiwa, na mteja akirudi mwakani zile saa nane hazirudiwi zote.

Sasa tuweke mfasiri mbovu, anayemlazimu fundi kusahihisha kwa mkono saa tatu kila kazi mpya. Kwa shafti nne unatumia saa 13, umeshapitwa na leti ya kawaida. Faida inaanza kwenye shafti ya sita, na hapo hatujahesabu kisu kilichovunjika. Katika mji mdogo ambako oda nyingi ni za kipande kimoja au viwili, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama karakana itaishi.

Kwa maoni yangu, karakana ya Ngara au Biharamulo inayotegemea shafti moja moja ianze na leti ya kawaida iliyo nzima na fundi mzuri. Leti ya kompyuta inafaa pale vikundi kadhaa vya wilaya zote mbili vinapokubaliana kutumia vipuri vya saizi moja, ili shafti na bushi zitengenezwe kwa makumi na kuwekwa dukani. Umoja huo wa vipimo hauna gharama, na ndiyo mtaji wa kwanza.

Ya kuuliza kabla ya kulipa

Kikundi kikishaamua kununua, maswali yafuatayo yaulizwe na majibu yaandikwe kwenye mkataba.

Je, mfasiri amo kwenye bei? Kwa mashine zinazokereza na kuchonga, kumwandaa kunaweza kugharimu mamia hadi maelfu ya dola za Marekani. Je, faili lake liko wazi kurekebishwa, au limefungwa ili mrudi kwa muuzaji kila mara? Je, leseni ya programu ya CAM inaruhusu biashara? Baadhi ya zinazotolewa bure ni kwa matumizi binafsi tu.

Je, mtapewa nakala ya akiba ya vigezo vyote vya kompyuta ya mashine? Betri ya kumbukumbu ikiisha, vigezo hivyo vinaweza kupotea. Je, umeme wa fezi tatu unafika kwenye jengo lenu, na kuna kinga ya umeme unaopanda na kushuka? Je, ni vijana gani wawili watakaofundishwa? Nasema wawili kwa sababu mmoja akipata kazi mgodini, karakana isifungwe.

Ushauri kuhusu hayo unaweza kutafutwa SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973 na lenye ofisi mkoani Kagera, kwenye vyuo vya VETA, na TEMDO ya Arusha, ambayo kazi yake tangu 1980 ni usanifu wa mitambo. Safari moja ya kuuliza ni nafuu kuliko mwaka mmoja wa turubai.

La mwisho na kubwa zaidi: sehemu ya malipo izuiliwe hadi zile kazi tatu za majaribio zifanyike mbele ya wanachama, kwenye jengo lenu, kwa umeme wenu. Na shafti ya majaribio iwe ya mashine ya kusaga ya mmoja wenu, si ile nzuri ambayo muuzaji amekuja nayo kwenye begi. Ifungwe kwenye mashine, mkanda uvalishwe, debe la mahindi limwagwe. Unga ukitoka na beringi haipati moto, mlipeni haki yake.